Ufito wa Kupimia Vichochoro

Kila alasiri, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Mejumaa alikuwa na kazi moja asiyoipenda. Alichukua ndoo ya maganda na vichwa vya samaki kutoka jikoni, akateremka kichochoro nyuma ya Ndia Kuu na kuimwaga jaani. Siku hizo jaa lilikuwa limepanda hadi kwenye dirisha la jirani, na harufu yake ilikupokea kabla hujafika.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimeng'oa mawe ya njia katika Mji wa Kale wa Mombasa, na mteremko ukabaki mashimo na utelezi. Kenga, aliyekuwa akizoa taka za mtaa kwa mkokoteni, hakuweza tena kuupandisha ukiwa umejaa. Taka zikabaki, nzi wakaja, watoto wakaanza kuharisha. Mmoja alilazwa.

Mama yake Mejumaa, Bi Mwanabaraka, hakuwa mtu wa kukaa na kulalamika. Aliwakusanya majirani wakaunda kikundi cha usafi, wakachanga, wakaomba msaada madukani. Wakakubaliana kununua pikipiki ya magurudumu manne, ile inayopandwa kama pikipiki lakini inavuta tela kama trekta. Wangeweza kununua moja tu, kwa hiyo ilibidi wachague vizuri.

Jumamosi moja Mejumaa alifuatana na mama yake na Kenga hadi dukani. Muuzaji, kijana mpole aliyeitwa Morgan, aliwaonyesha tatu. Ile ndogo ilikuwa nyepesi, lakini injini ilizungusha magurudumu ya nyuma peke yake, na Kenga akasema kwenye utelezi ingecheza ngoma mahali pamoja. Ya kati na ile kubwa zilivuta kwa magurudumu yote manne. Ya kati ilikuwa nyembamba, ya kijani kilichofifia. Kubwa ilikuwa nyekundu, pana, yenye kiti cha kutosha watu wawili.

Mama aliuliza maswali yake bila kupoteza muda. Spea zinapatikana hapa Mombasa? Nani anaweza kuitengeneza ikiharibika? Inarudi nyuma? Inapinda kwenye kona fupi? Habari za rangi hakuuliza.

Mejumaa aliiona rangi tu. Shuleni, Sheryl wa mtaa wa Buxton, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alimwita Binti Jaa tangu aliposikia habari za kikundi. Juzi tu alikuwa amemwuliza, mbele ya wenzao, kama kwao mama hupika kwanza ndipo azoe taka, au huzoa kwanza ndipo apike. Darasa zima lilicheka. Sasa Mejumaa alijiona juu ya kiti kile chekundu nyuma ya Kenga, na Sheryl amesimama kando ya njia.

Kwenye mkutano wa kikundi watu waligawanyika. Mama alitaka ile ya kati. Crispus, fundi seremala mwenye karakana pale mtaani, alitaka kubwa kwa sababu ingebeba taka zote kwa safari moja. Mama akasema hakuna haja ya kubishana kwa midomo na njia zenyewe zipo. Kenga alikata ufito wenye urefu sawasawa na upana wa ile pikipiki kubwa. Kama ufito ungepita kila kichochoro ukiwa umelazwa kukingama njia, wangechukua kubwa. Mejumaa ndiye aliyepewa kazi ya kuupitisha.

"Ushike chini, usawa wa magoti," Kenga alimwambia. "Matairi hayapiti kifuani."

Jumapili Mejumaa alizunguka na ufito wake. Kichochoro cha kwanza ulipita, na cha pili, na vingine vyote, hadi alipofika kona ya Bi Mwanakuu. Hapo baraza ya jiwe ilikuwa imetokeza mbele ya mlango, na Bi Mwanakuu alikuwa ameketi juu yake akikaanga viazi vya karai. Kila jioni aliuza hapo, na hakuwa na kazi nyingine. Ufito uligonga ukingo wa baraza ukakwama.

Mejumaa alitazama nyuma, akatazama mbele. Kisha akauinua ufito hadi kifuani, juu ya baraza, na ukapita.

"Mbona umeuinua, mwanangu?" Bi Mwanakuu aliuliza.

Mejumaa alijibu kwamba mkono ulikuwa umechoka. Bi Mwanakuu akampa kiazi kimoja cha moto, naye akakila njiani bila kukisikia ladha. Nyumbani alisema ufito umepita kote. Mama alimtazama kidogo, akasema basi, kubwa itakuja.

Morgan alikubali kuwaazima ile nyekundu kwa majaribio kabla ya kuwauzia. Siku ilipoletwa, Mejumaa alikuwa ameshajigamba shuleni, na Sheryl alikuja na wenzake kuiona. Kenga aliiendesha polepole, watoto wakifuata nyuma kwa makelele. Ilipanda kwenye mashimo kama vile njia ni ya lami. Mejumaa alitembea kando yake, ameshika ushungi usianguke, akimwomba Mungu mambo asiyoweza kuyasema kwa sauti.

Kwenye kona ya Bi Mwanakuu gurudumu la kushoto lilikwaruza jiwe, na la kulia lilikuwa limeshagusa ukuta. Kenga akazima injini.

Crispus alikuja na mtaimbo. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa baraza, akaona chokaa mpya.

"Ufito ulipita hapa," alisema. "Baraza hii imeongezwa. Chokaa yenyewe haijakauka."

"Nimepaka chokaa," Bi Mwanakuu alijibu. "Sijaongeza hata ukucha."

"Kwa hiyo mtoto wa watu ndiye mwongo?"

Watu walianza kunong'ona kwamba bibi huyu anazuia usafi wa mtaa mzima kwa sababu ya viazi vyake. Mmoja alisema baraza ivunjwe tu. Bi Mwanakuu hakubishana. Alimtazama Mejumaa mara moja, kisha akaanza kuondoa karai lake juu ya jiko.

Mejumaa aliona mtaimbo, akaona na Sheryl amejinyoosha kwa vidole vya miguu ili asipitwe na kitu.

"Ufito haukupita," alisema.

"Sema tusikie sote," mama yake akamwambia.

"Ulikwama hapa hapa. Nikauinua. Bi Mwanakuu hajaongeza kitu. Mimi niliitaka ile nyekundu."

Hakuna aliyecheka, hata Sheryl. Crispus aliuweka mtaimbo chini na kumwomba Bi Mwanakuu radhi. Mejumaa alimbusu bibi mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumsema.

"Nilikuwa nakungoja," Bi Mwanakuu alisema.

Pikipiki ilirudishwa nyuma, watoto wote wakiisukuma mpaka ikatoka kwenye kona. Sheryl alijibana kando ya Mejumaa. "Sukuma basi, Binti Jaa," alisema, na safari hii jina halikuuma sana.

Wiki iliyofuata ilikuja ile ya kijani. Ilihitaji safari mbili kumaliza kazi, lakini ilifika kila mlango. Jaa likapungua mpaka dirisha la jirani likafunguliwa tena. Mejumaa alipewa adhabu ya kumtekea maji Bi Mwanakuu kila jioni, na jioni ya kwanza mama yake alimsaidia kubeba ndoo.

"Kutaka kitu kizuri si kosa," mama alisema. "Ungesimama mkutanoni ukasema unaitaka nyekundu kwa sababu Sheryl anakucheka, tungekusikiliza, kisha tungekataa, tukalala salama. Lakini mtu akipewa kazi ya kupima, wenzake humfuata bila kuangalia wenyewe. Akidanganya hapo, wa kwanza kuumia huwa ni yule asiye na nguvu ya kujitetea. Ulimwona siku ile akiondoa karai lake."

Mejumaa alisema alimwona.

"Basi umkumbuke kila utakapopewa ufito."

Nyuma yao Kenga aliteremka na tela. Walijibana ukutani wakampisha. Pikipiki ikapita kona, na Bi Mwanakuu akaendelea kugeuza viazi vyake bila hata kukunja miguu.