Viatu vya Studio ya Mwenze

Asubuhi, wanafunzi wa darasa la sita walikuja shule na matofali mikononi. Madawati yalikuwa yamebebwa siku za uporaji, wanajeshi mbele, raia nyuma, na tangu hapo kila mtoto wa Lubumbashi aliyetaka kusoma alijitafutia pa kukalia. Msichana Chola naye alifagia ua, akabeba tofali lake, akaenda. Baba yake alikuwa ameshaondoka, akisukuma baiskeli kwenda kutafuta makaa ya kuuza ng'ambo ya Kasapa, nje ya mji. Zamani alikuwa fundi wa kampuni ya shaba. Wakubwa waliila kampuni hadi mifupa, kisha wakawaambia mafundi wajitegemee.

Mwalimu wao, Madame Claudine, alikuwa ameokoa kamera moja kwa kuificha ndani ya gunia la unga. Filamu ilitosha picha moja kwa kila mwanafunzi. Aliwaagiza wapige viatu vya mtu wa nyumbani kwao. Picha zingetundikwa siku ya wazazi.

Zamu yake ya kwenda na kamera nyumbani ilipofika, Chola alivitazama vya baba: buti za kampuni, visigino vimeliwa upande, ubavu umeshonwa kwa waya. Watu wote waone hivi? Akaenda kwa Mwenze, mpiga picha wa mtaa, aliyekuwa na viatu vyeusi vya kuwaazima wateja wapate kupendeza. Akavipanga mlangoni kwao, akapiga.

Picha zilipokuwa tayari, Madame alizitandaza sakafuni. Katika darasa lake kila mmoja alisema neno la kweli juu ya kazi ya mwenzake, na mwenye kazi hakuruhusiwa kukatiza. Kiki aliinama juu ya picha ya Chola.

"Ile viatu iko ya Mwenze," alisema. "Papa yangu alifungia ndoa ndani yake."

"Na yaya wangu, communion," mwingine akadakia, akimtaja kaka yake mkubwa siku ya komunyo yake.

Darasa likacheka. Nusu ya mtaa ilikuwa imepigwa picha na viatu vile. Chola alimrukia Kiki kwa maneno: ana wivu, na picha yake mwenyewe ina giza kama tumbo la mgodi. Madame akamnyamazisha. Alimwambia kwamba mwanga ameupata vizuri, lakini viatu vile havijawahi kutoka nje kupitia mlango ule. Filamu imekwisha, achague mwenyewe kama picha itatundikwa.

Chola alitaka kuichana. Lakini baba angeuliza iko wapi, naye angeongeza uongo juu ya uongo. Akaiacha.

Siku ya wazazi, baba alisimama mbele ya picha, vumbi hadi magotini. Alikitambua kizingiti chake. Viatu hakuvitambua.

"Papa, nilipata haya ya viatu yako, nikaazima ya Mwenze," Chola alisema. "Kiki alinionyesha, nikamutukana."

Baba alimgeukia binti yake.

"Mama," alisema polepole, kama alivyozoea kumwita, "mwenye kukuambia kazi yako inadanganya, umusikilize, ata kama anacheka. Amekusaidia. Na ile haya, usiibebe. Kiatu changu kilitobokea njiani, nikikutafutia chakula. Haya iko ya bale balitoboa kampuni yetu, na ata siku moja habakutembea kwa muguu."

Chola alivuka chumba hadi aliposimama Kiki, akamwomba msamaha mbele ya wote.