Kimepatikana, Saa Kumi na Moja

Siku sita baada ya zoezi, Mlizi alianza kulia kinyume.

Mlizi ni kisanduku cha rangi ya chungwa, ukubwa wa tofali. Kila ndege hubeba kisanduku kama hicho, na ikianguka kinapiga mlio redioni ili waokoaji waufuate. Mlizi mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Yeye ni wa mafunzo tu: anafichwa porini, wanafunzi wanamtafuta kwa redio yenye mshale, wakimpata wanarudi kula. Hata masafa yake ni ya mazoezi, na hakuna mwokoaji wa kweli anayeyasikiliza.

Mlio wake huanzia juu ukashuka. Jumatano ile ulianzia chini ukapanda. Fundi aliusikiliza mara tatu, akapiga mwayo. Alikuwa amechoka, jamani. Amechoshwa na joto la karakana, amechoshwa na Mkuu anayeuliza "Bado?" kabla hujakaa, na zaidi ya yote amechoshwa na usingizi wa mang'amung'amu anaoulala nyumbani, ambao hakumwambia mtu.

"Bado tu?" Mkuu alichungulia mlangoni. "Kesho kuna zoezi, Fundi."

"Haraka haraka haina baraka, Mkuu."

"Na polepole haina mshahara," akajibu, akaenda zake.

Fundi alibadilisha betri. Mlio ukapanda vilevile. Akabadilisha antena, wapi. Akachukua bisibisi afungue kifuniko, skrubu zikagoma. Akatia mafuta, akauma meno, zikagoma. Mkono ukamteleza ukazungusha upande wa kulia, na skrubu ikatoka laini kabisa. Zote nne zilifunguka kwa kuzungushwa upande ambao skrubu zote anazozijua hukazwa. Ndani, kile kiraka cha risasi alichokichomelea mwenyewe mwaka jana kwenye pembe ya kushoto kilikuwa kwenye pembe ya kulia. Harufu ya udongo uliolowa ikamjaa puani.

Akakaa. Harufu ile alikuwa amelala nayo ubavuni usiku sita.

Mumewe ndiye anayekificha kisanduku, na kazini wote humwita Mfichaji. Alhamisi iliyopita wanafunzi walizunguka hadi saa kumi na moja bila kukipata, mvua ikatanda, miguu ikawaishia. Mfichaji akaita redioni: "Warudishe watoto wa watu, mke wangu. Nitakitoa mwenyewe. Wewe andika kimepatikana." Fundi aliijua sheria. Huandiki mpaka kisanduku kiwe mezani. Lakini uchovu haujui sheria, akaandika daftarini: Kimepatikana, saa kumi na moja.

Giza lilipoingia mumewe alifika nyumbani na kisanduku kwapani, akasimama nje ya mlango wake mwenyewe, haingii. Mama mkwe, ambaye macho yake yamefifia, alikuwa akichambua mchele ndani, akauliza nani huyo.

"Ni mwanao, mama. Kawa mgeni kwake." Fundi akacheka. "Haya, karibu."

Hapo ndipo mumewe alipoinua mguu, akaingia. Tangu siku hiyo alikuwa akiongea kidogo na kula kwa mkono wa kushoto, na Fundi akasema moyoni ni uchovu, kazi ile inamla mtu. Lakini sasa alilikumbuka kovu la kwenye nyusi. Miaka kumi na tisa limekuwa kushoto. Asubuhi ya leo, akinywa chai, lilikuwa kulia.

Akang'oa betri. Mlio wa kupanda ukakatika, na chini yake, mwembamba kama uzi, ukabaki mwingine redioni, unashuka. Kioo cha redio kikaandika namba 17, namba ya Mlizi. Mshale ukaelekea ukutani, kwenye pori lililo nyuma ya uwanja. Kisha mlio ukakatika mara mbili, fupi fupi, ukaendelea. Machozi yakamtoka. Mfichaji kila akimaliza kuficha huzima na kuwasha mara mbili, kumwambia mkewe amefika salama. Betri ya Mlizi hudumu siku saba.

Akamwita Mkuu kwa simu. "Mkuu," alinong'ona, "mume wangu hajarudi kutoka porini."

"Acha masihara. Si huyo anakuja kwako na chakula?"

Nyayo zikasikika ukumbini, zikija taratibu, na harufu ya udongo ikatangulia ikapita chini ya mlango, na mlango ukafunguka wenyewe na pale kizingitini akasimama mtu mwenye shati la mumewe na viatu vya mumewe na bakuli mkono wa kushoto, akatabasamu, na tabasamu lile likavutika upande usio wake huku kooni mwake kitu kikilia chinichini, kikipanda, kikipanda.

"Niambie karibu, mke wangu."

Fundi alikuwa amechoka hata kuogopa. Alivuta daftari, akalikata lile neno kwa mstari, akaandika: Hakijapatikana. Mtu mmoja yuko porini. Akashika redio inayosikiwa na wote. "Hili si zoezi," akasema. "Narudia, hili si zoezi." Kisha akainua macho. "Sikukaribishi. Na ile karibu ya Alhamisi nimeifuta."

Bakuli likaanguka. Alipotazama tena, kizingiti kilikuwa kitupu, na mezani, mahali pa kisanduku, palikuwa na bonge la tope.

Walimkuta Mfichaji saa kumi na moja, ndani ya shimo la wachimba kokoto wa zamani, mguu umevunjika, Mlizi kifuani. Kovu lilikuwa kushoto. Fundi alilibusu mbele ya wanafunzi wote, aibu hakuna.

Garini, akipelekwa hospitali, mumewe alimtazama kwa mashaka. "Mbona ulikuwa unakuja halafu hunitoi?"

"Nani?"

"Wewe. Kila siku unaninywesha maji. Kwa mkono wa kushoto, nikadhani wa kulia unakuuma. Leo mchana umekuja unalia. Unasema umefukuzwa, huna pa kwenda. Nikakwambia, mke wangu, si uende nyumbani? Mama yupo, atakukaribisha."

Fundi alipiga simu nyumbani, vidole vikikosea namba mara mbili. Mama mkwe akapokea.

"Mama, ni mimi. Mama, usifungue—"

"Wewe nani tena?" Bibi akacheka. "Mkwe wangu si huyu amesimama mlangoni?" Sauti yake ikasogea mbali na simu. "Na wewe umekuwa mgeni kwako, mwanangu? Haya, karibu."