Picha ya Maxine Kliniki

Kagwiria ana saluni ndogo sokoni Nkubu. Anasuka nywele, na mikono ikipumzika anaandika habari za waimbaji wa Meru kwenye ukurasa wake wa Facebook. Nani ametoa wimbo mpya, nani amekosana na nani. Wateja wengine huja kusukwa ili wazipate habari kabla hazijaandikwa.

Jumamosi hiyo habari ilikuwa moja tu: Maxine. Maxine huimba nyimbo za injili kwa Kimeru, na kwao si mbali na soko. Siku iliyotangulia, Kagwiria alimwona kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Alimpiga picha kisirisiri, akaiweka kwenye ukurasa na kuandika: "Maxine ana mimba! Kina mama, tayarisheni uji."

Huku Meru, mwanamke akijifungua, wanawake humpelekea uji. Ni furaha ya wote. Kagwiria aliona kwamba hata habari yenyewe ni ya wote. Pale kliniki alimsikia pia muuguzi akimwambia Maxine akalale, kwa sababu mimba haijakaa vizuri. Hilo hakuliandika. Lingeharibu furaha.

"Wewe, hakuna kinachokupita!" mteja alimwambia akicheka. "Mama Kiambi na wenzake wa kanisa hawakungoja hata mtoto azaliwe. Wanampelekea mama yake Maxine uji."

"Leo?"

"Sasa hivi. Nimewaacha barabarani wakiimba."

Ntinyari aliingia. Yeye ni wakili, na nyumba yake imepakana na ya Kagwiria. Alimwita nje.

"Ondoa ile picha."

"Kwani nimedanganya?"

"Sijasema umedanganya. Maxine amenipigia simu akilia. Mama yake hajui lolote, na ana presha. Maxine alitaka kumwambia mwenyewe, polepole."

"Lakini wakili, yeye ni staa! Kila siku anaweka picha zake."

"Anazochagua yeye. Akiimba vibaya, andika. Akikosa kufika kwenye tamasha ambalo watu wamelipia, uliza sababu. Hayo ameyafanya mbele ya umma. Kliniki hakuenda kuimba."

"Watu wanataka kujua."

"Kutaka si haki. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, staa na asiye staa. Habari za afya zinalindwa zaidi na Sheria ya Kulinda Data. Maxine anaweza kukushtaki."

Kagwiria aliifuta picha. "Basi imekwisha?"

"Hapana. Walioihifadhi kwenye simu bado wanayo. Na wale wanawake wako njiani."

Kagwiria alimpigia Mama Kiambi. Simu iliita bila kupokelewa. Akapanda bodaboda.

Aliwakuta karibu kabisa na lango la kina Maxine. Walikuwa wanawake wengi, vibuyu mikononi, wakiimba. Ng'ambo ya ua, mama yake Maxine alikuwa akianua nguo. Bado hakuwa amegeuka.

"Mama Kiambi, rudini! Tafadhali, nyamazeni!"

"Kuna nini?"

Kagwiria alifungua mdomo. Neno moja kuhusu maneno ya muuguzi lingewarudisha wote. Lakini kufikia jioni neno hilo lingekuwa limefika sokoni.

"Nilikosa," alisema. "Nilimpiga Maxine picha bila ruhusa. Sikupaswa kuandika."

"Kumbe ulitudanganya!" mmoja alifoka. "Tumesaga unga bure!"

"Ana mimba ama hana?" Mama Kiambi aliuliza.

"Siwezi kujibu. Si habari yangu."

"Jana ilikuwa yako!"

Wakamcheka. Mwingine akasema hatasoma ukurasa wake tena. Kagwiria alisimama pale pale, katikati ya njia. Mama Kiambi akautazama ule ua.

"Kama hatujaitwa, hatuingii," alisema. "Twende."

Wakaondoka wakinung'unika. Mama yake Maxine alibeba nguo zake ndani.

Siku chache baadaye, Ntinyari alipita saluni. "Maxine ameniruhusu nikuambie jambo moja tu," alisema. "Alimweleza mama yake mwenyewe. Walikaa wakalizungumza, na mama yuko salama. Ameamua kutokushtaki."

Kagwiria alishusha pumzi. Aliandika kwenye ukurasa wake kwamba alimkosea Maxine, na kwamba hataweka tena habari za ugonjwa, mimba wala watoto wa mtu bila idhini yake. Wasomaji kadhaa waliondoka. Waliobaki walikuja kubishana kuhusu nyimbo.

Mwezi uliofuata, mteja mmoja aliyekuwa akisukwa aliinama akanong'ona, "Sasa niambie, ile mimba ya Maxine ilifika wapi?"

"Muulize Maxine," Kagwiria alijibu. "Inua kichwa, nisije nikakuvuta nywele."