Ukifumba Macho

Mkokoteni wa vitambaa ulimpiga Gyutae kikumbo katikati ya Soko la Seomun, mjini Daegu, akajikuta amekumbatia nguzo ya kibanda cha Bomi, binti muuza vitambaa. Kwa aibu akajifanya mnunuzi.

"Nataka kitambaa cha pazia la jukwaani. Chekundu, kama pilipili zilizoanikwa juu ya paa jua likizama."

"Kaka, mimi paa silioni. Taja namba ya rangi."

"Fumba macho utaliona!"

"Nikifumba macho ni giza tupu. Kwani wewe huwa unaona nini?"

Gyutae akacheka, akidhani anataniwa. Binti alivaa aproni ya jinzi, pini zimemjaa kwenye ukosi. Kufika saa ya chakula walikuwa benchi moja, wakivuta tambi za moto na kugombea kachumbari.

Miezi ikapita, wakachumbiana. Kisha Gyutae akapata kazi Seoul, ya kuchora mapazia ya tamthilia. Wakabaki na simu.

"Kila nikilala nakuona, mpenzi. Hata kidoti cha shingoni. Na wewe, ukifumba macho, unaniona?"

"Sikuoni. Hata marehemu mama simwoni. Nilikwambia siku ile ya kwanza."

"Sema tu umenisahau!"

"Nikikudanganya utafurahi?"

"Ndiyo!"

"Basi tafuta mwongo." Akakata simu.

Gyutae alichachamaa. Kila malkia aliyemchora alitoka na sura ya Bomi, na bosi akafoka. Yeye amebeba uso mzima kichwani, mwenzake hana hata kivuli chake! Jumamosi moja akanyoa, akavaa suti na viatu vipya, akapanda treni kwenda Daegu kuvunja uchumba ana kwa ana. Akamkuta Bomi amempa mgongo, anapima kitani. Wauzaji wananadi, wasukuma mikokoteni wanapiga kelele. Gyutae akavuta pumzi aanze kufoka.

"Umenunua viatu vipya," Bomi akasema bila kugeuka. "Lakini wa kushoto bado unauburuta."

"Umenionaje?"

"Nimekuona wapi! Nimekusikia tangu kwa muuza vifungo. Tangu uondoke, sikio langu limekaa mlangoni." Akageuka, macho mekundu. "Nawe ukaniita msahaulifu."

"Bado nina hasira," Gyutae akanung'unika.

"Hata mimi. Shika ncha hii, kitambaa kinaburuzika."

Akaishika. Wakakunja, kila mkunjo ukiwasogeza karibu, hadi vidole vikagusana.

"Bomi. Sketi yako ya harusi... rangi namba ngapi?"

Bomi akauma midomo asicheke.

"Ile ya pilipili za paani. Fumba macho unitazamie wewe."