Ala Isiyo na Mdomo

Wekulo alikuwa na visu vya kukunja thelathini na kimoja, vya kizamani vyote, na kila kimoja kilikuwa na ala ya ngozi aliyoishona kwa mkono wake. Vilining'inia kwenye misumari ukutani, chumbani mwake mtaani Kawangware, kituo cha 46, vimekunjwa na kufungwa ndani ya ala zao. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 1996, aliporudi kutoka bombani saa sita mchana akakuta kimoja kimelala juu ya meza, makali nje, alisimama mlangoni na mtungi wake wa maji asijue la kufanya.

"Nimekiacha mimi," akasema kwa sauti.

Alikuwa na tabia hiyo ya kujisemesha. Tangu mkewe Nereah alipofariki miaka miwili nyuma, na binti yao Hope kuolewa Bungoma akakata mawasiliano, hakukuwa na mwingine wa kumjibu. Majirani walimcheka. Mtu mzima na ndevu zake, walisema, anashonea visu nguo na shati lake mwenyewe limetoboka kwapani! Hawakujua kwamba mchana, wapangaji wote wa ploti wakishakwenda vibarua vya mjengo au kufua nguo za matajiri wa Lavington, kimya cha mle ndani kilimkaa kifuani, na ni kushona tu kulikomwezesha kupumua.

Kisu chenyewe kilikuwa kipya kwake. Alikipata juzi yake Mashimoni, Kibera, kwa Sadiq, Mnubi mmoja aliyekuwa akiondoa vitu vya marehemu baba yake. Wekulo alitoa mkanda wa ngozi, akapewa kisu. Kilikuwa ndani ya ala nyeusi iliyoshonwa pande zote nne, hata pa kuingiza ukucha hapakuwapo.

"Mzee, kaa nayo hivyo tu," Sadiq alimwambia. "Usiifungue. Buda wangu, huyo marehemu, alikuwa amekataa kabisa, na hakuwahi sema ni kwa nini."

Wekulo alicheka. Yeye ni fundi, na ala isiyo na mdomo ilimkera. Alifika nyumbani akafumua uzi wote, akatoa kisu kizuri chenye mpini wa pembe, akakishonea ala mpya yenye kifuniko. Ile ngozi ya zamani akaitia kwenye mkebe wa vipande, maana fundi wa ngozi hatupi ngozi.

Kesho yake baada ya kukikuta mezani, saa ileile, alisikia: tak. Mlio wa kisu kikikunjuka. Ikafuata harufu ya ngozi mbichi, kisha sauti, karibu kabisa na kisogo chake.

"Baba Hope."

Ni Nereah tu aliyemwita hivyo, kwa sauti hiyo ya mtu anayekaribia kucheka. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Aliogopa. Lakini nisiwafiche, alifurahi pia. Siku ya tatu alikuwa ameketi anaingoja saa sita.

Siku ya nne ndipo alipouona mkono wake wa kushoto. Kwenye kifundo palikuwa na vitundu vidogo, vimepangwa kwa mstari mnyoofu, nafasi sawasawa, vile yeye hutoboa ngozi kabla ya kupitisha uzi. Havikuuma wala kutoa damu. Siku ya tano vilifika kwenye kiwiko, na siku ya sita, jua likiwaka juu ya mabati na mlango ukiwa wazi, aliketi akavitazama kwa macho yake vikifunguka kimoja baada ya kingine, vikipanda mkono taratibu, bila sindano, bila mkono wa mtu, vikapita bega, vikaanza kuteremka kuelekea kifuani upande wa moyo.

"Unanifanya nini?" akanong'ona.

"Nakupima," ikajibu sauti ya Nereah.

Wekulo alinyakua kile kisu, mkebe wenye ile ngozi ya zamani, na sindano, akatoka mbio mpaka Mashimoni.

Sadiq aliutazama ule mkono. Alimpeleka kwa shangazi yake Bakhita, dada wa marehemu, mama mzee ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Bakhita akavipapasa vile vitundu.

"Ulifumua."

"Nilifumua, Mama."

"Ndugu yangu ndiye alimshona jini ndani ya ala hiyo. Wewe umebomoa nyumba yake, na ameona ndani yako kuna nafasi kubwa. Anakufanya wewe ala. Ile ngozi ya kwanza iko?"

"Iko."

"Basi shona, fundi. Matundu yaleyale, usiache hata moja. Na ukiitwa, usijibu."

Bakhita akawasha ubani, akaanza kusoma dua. Wekulo akakirudisha kisu ndani ya ile ngozi, akashona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kadiri mshono ulivyosogea ndivyo sauti ilivyozidi kulia masikioni mwake, Baba Hope, humu ni giza, Baba Hope, uliniacha hospitali peke yangu ukaenda kulala, sasa unaniacha tena, na wewe utabaki na nani mchana, nani atakuita, nani, mpaka machozi yakawa yanadondoka juu ya ngozi na sindano ikawa inateleza vidoleni.

Lilibaki tundu moja.

"Umemaliza?" Bakhita aliuliza.

Wekulo akakata uzi bila kulishona. Akaizungushia ala kitambaa cheupe haraka, akakikaza.

"Nimemaliza, Mama."

Sadiq alikifukia kisu na ala yake chini ya sakafu, na Wekulo akarudi Kawangware mikono mitupu.

Kesho yake saa sita aliketi mbele ya msumari uliobaki mtupu. Ploti ilikuwa kimya. Alingoja mpaka akaona aibu, akainamisha kichwa.

Tak.

"Baba Hope."

"Niko," akajibu.

Halafu akakunja mkono wa shati. Kifundoni, katika vile vitundu vya kwanza, uzi ulikuwa umekwisha pita.