Saruji ya Tanuri la Bi Mkate

Kila alfajiri Bi Mkate alikaa uani mbele ya tanuri lake akiutazama moto. Wanawe walisema mama analala macho wazi. Hakuwa amelala, alikuwa anaota tu. Ndani ya ndimi za moto aliona mikate ikiumuka taratibu. Aliona duka dogo lenye kioo safi, na watu nje wakivuta harufu. Kisha mkate mmoja ulianza kunuka kuungua, naye akarudi duniani.

Tanuri lilijengwa na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sawasawa. Ukimwuliza kama ukuta utasimama, alijibu sawasawa. Na kusema kweli, kuta zake zilisimama. Tanuri alilijenga kwa matofali. Sakafu na kuta za ndani akazipiga saruji ya kawaida, ileile anayojengea nyumba za watu.

Haikuchukua muda, sakafu ikapasuka na kuanza kumeguka. Asubuhi moja mteja wa siku nyingi aliuma mkate, akatema chembe za mchanga kiganjani, akazitazama. Hakusema neno. Aliuweka mkate mezani akaenda zake, na kesho yake hakuja. Wengine wakamfuata. Bi Mkate aliumia sana. Angegombezwa, angejitetea, lakini kunyamaziwa hakukuwa na dawa.

"Mchanga huu ukiendelea naacha kuoka," alimwambia mumewe. "Nitarudi kuuza mikate ya wenzangu."

"Nitaziba ufa. Sawasawa."

"Umeshaziba mara ngapi, Baba Watoto?"

Fundi akakuna kichwa.

Siku ya mapumziko alikuja dada yake Fundi, wifi wa Bi Mkate. Alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha saruji, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Wifi, mikate yako siku hizi inataka meno ya chuma," alisema.

"Muulize kaka yako. Mimi nakanda unga, mchanga anautia yeye."

Wifi alichutama, akaingiza mkono tanurini, akatoa vumbi la kijivu. "Kaka, hii ni saruji ya nyumba."

"Saruji ni saruji."

"Na unga ni unga? Basi mkeo aumue unga wa mahindi tuone."

Bi Mkate alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Wifi akaketi kwenye kigoda, akaeleza.

"Saruji haikauki kama nguo kambani. Inakunywa maji, inaungana nayo, ndipo inakuwa jiwe. Hii ya nyumba ikishaungana na maji, ndani yake inabaki chokaa. Ukiichoma sana, maji yale yanafukuzwa. Tanuri likipoa, chokaa inavuta unyevu wa hewa na kuvimba. Kila ukiwasha na kuzima, inavimba na kupasua. Ndiyo mchanga wenu huo."

"Sasa tufanye nini?" Bi Mkate aliuliza.

"Iko saruji ya tanuri. Inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na boksiti, mawe yanayotoa aluminiamu. Madini yake tunayaita kalsiamu aluminati. Hiyo haiachi chokaa ile, kwa hiyo moto inauvumilia. Mchanga wa mtoni usitie. Tia chembe za matofali yaliyopondwa, yale yanayostahimili moto. Lakini nisubirini, nitakuja kuwaonyesha."

Fundi alinunua mfuko mmoja. Kumsubiri dada yake mdogo aje kumfundisha kazi hakuweza. Tena mfuko ulionekana mdogo, na mafundi wana desturi yao: kitu kikiwa haba, kiongeze. Akaongeza saruji ya kawaida nusu kwa nusu, akatia maji, akaanza kukoroga huku akipiga mluzi. Mluzi haukufika mwisho. Mchanganyiko ulipata joto, ukakaza, na mwiko ukabaki umesimama katikati ya karai.

Wifi alipofika alimkuta kaka yake akivutana na mwiko. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Kaka, hata saruji ya nyumba ina aluminati kidogo, nayo ina haraka kuliko madini mengine yote. Ikikutana na maji inashika papo hapo. Ndiyo maana kiwandani tunaisaga pamoja na jasi, lile jiwe laini jeupe, ili kuituliza. Wewe umemwaga aluminati nyingi juu yake, na jasi ile haikutosha kabisa. Saruji hizi mbili usizichanganye. Hata karai lenye mabaki ya moja usilitumie kwa nyingine."

Fundi hakusema sawasawa. Alikwenda kutafuta mfuko mwingine.

Safari hii walibandua saruji ya zamani tanurini, wakaosha vyombo vyote, wakachanganya saruji mpya na chembe za matofali. Wote wakavaa glavu, kwa kuwa saruji mbichi huunguza ngozi. Fundi akainua ndoo ya maji. Bi Mkate akamshika mkono.

"Acha. Utafanya uji."

Aliongeza maji kidogokidogo, akikanda kama alivyokanda kila siku ya maisha yake. Alifinya bonge kiganjani. Lilishikamana, halikuchuruzika, halikumeguka.

Wifi alilitazama lile bonge. "Hivyo hivyo tunavyopima sisi. Nani alikufundisha?"

"Ngano," alijibu Bi Mkate.

Basi akaendelea yeye, na Fundi akawa anapokea na kushindilia tanurini haraka kabla haijashika. Wakafunika kwa magunia yaliyolowa, wakayanyunyizia maji hadi kesho yake, maana saruji hii hutoa joto jingi na ikikosa maji juu hupasuka. Kisha wakaliacha tanuri likauke siku kadhaa.

"Moto wa kwanza uwe mdogo," Wifi alionya. "Maji yaliyobaki ndani yatoke polepole. Mkiwasha mkubwa, mvuke utapasua kila kitu. Na wewe kaka, saruji hii usiipeleke kwenye nguzo za nyumba. Penye joto na unyevu hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita."

Bi Mkate aliwasha vijiti vichache. Mvuke mwembamba ukapanda kutoka ukutani, naye akaukodolea macho akapotea kabisa. Kesho yake aliongeza kuni, na kesho kutwa tena. Watoto walikuja, wakamtazama mama yao, wakaondoka kwa kunyata.

Mikate ilipotoka, chini yake palikuwa safi. Bi Mkate alipitisha kidole, akakitazama kidole, machozi yakamtoka. Wateja walirudi mmoja mmoja. Hata yule mteja wa siku nyingi alikuja, akaumega mkate palepale mlangoni, akatafuna taratibu, akameza.

"Fundi, tanuri hili umelijenga vizuri," alisema.

Fundi alimtazama mkewe.

"Amelijenga yeye," alijibu. "Mimi nilishika karai."