Pedali ya Mwisho Kushoto

Jioni ile Chiriku alikwenda ukumbini kulinganisha nyuzi za kinubi tu, kazi ya nusu saa. Kesho yake angepiga na okestra kwa mara ya kwanza.

Mlinzi hakuwa na ufunguo. "Mwenzako ameshauchukua."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mwembamba. Kasema mnatumia kinubi kimoja. Nimekosea, mwanangu?"

Aliyetumia naye kinubi kimoja, miaka sita ya chuo, alikuwa mtu mmoja tu. Pacha, mwalimu wao alimwita, kwa jinsi walivyogandana. Na Pacha alizikwa miezi minne iliyopita.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kiza chepesi... na harufu ya mafuta ya mkaratusi, yale aliyopaka Pacha vidole vikimchubuka.

Akakaa, akakiegemeza kinubi begani. Ubao ulikuwa na joto, kama kiti kilichotoka kukaliwa.

Tak.

Akatazama chini. Kinubi kina pedali saba. Ukiisukuma moja kwa mguu, noti yake inabadilika, na inabaki hapo mpaka mguu uirudishe. Haijisogezi. Ile ya mwisho kushoto ilikuwa imesogea.

Ileile.

Siku ya majaribio ya kazi, nafasi katika okestra ilikuwa moja, wasichana wawili. Chiriku alipiga kwanza. Walikuwa na ahadi yao ya siku nyingi: anayenyanyuka humwachia mwenzake pedali tayari, naye mwenzake hakagui. Chiriku aliponyanyuka aliisukuma hiyo moja. Pacha akaanza, noti ya tatu ikatoka mbovu, waamuzi wakatazamana. Woga, wakasema. Pacha hakugusa nyuzi tena, na homa ilipokuja ilimkuta ameshakata tamaa. Msibani Chiriku alilia kuliko wote. Watu wakamsifu kwa mapenzi yake, naye akazipokea sifa.

"Ni mimi niliyeisukuma," alinong'ona sasa. "Nisamehe."

Kisha, karibu kabisa na sikio:

"Niliiona."

"Uliiona?"

"Kabla sijaanza. Nikakutazama... nikangoja useme."

Kweli alimtazama. Chiriku alikumbuka, na alikumbuka alivyoinama akajifanya anafunga kiatu. Hilo lilimtisha kuliko sauti.

"Kesho nitakuwekea pedali," sauti ikasema. "Kama zamani."

Alivyotoka mle hajui. Mlinzi aliapa hakumwona mtu mwingine akipita, lakini ufunguo ulikuwa mezani pake.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kiongozi wa okestra akainua fimbo, akamgeukia. Ilikuwa kazi ya kushusha macho tu, akague pedali zake saba. Sekunde mbili zingetosha. Chiriku hakuyashusha. Angewezaje kumdhania mwenzake ubaya alioufanya yeye?

Fimbo ikashuka. Akapiga, bila kujua noti gani itatoka.